Mafuta Ndani ya Mafuta

Kiswahili kimelikirimu mno neno mafuta. Kinachotoka katika tui lililochemshwa hadi likakauka ni mafuta, anachopakwa bibi harusi ni mafuta, kinachowaka ndani ya kandili ni mafuta, na gari likisimama njiani abiria wote husema kwa kauli moja kwamba limekwisha mafuta. Hata kile kinacholainisha vyuma ndani ya injini nacho ni mafuta. Mshairi huufurahia ukarimu wa namna hii, kwani neno lenye milango mingi humpunguzia taabu. Fundi wa magari hana anasa hiyo. Kwake yeye petroli ni petroli na oili ni oili. Kila moja ina chombo chake na njia yake, na siku zinapokutana bila ya idhini injini huanza kufa, nayo hufa kimyakimya, bila ya moshi wala kelele.

Katika magari ya zamani, mahali ambapo viwili hivi hukaribiana zaidi ni ndani ya pampu ya petroli. Huwa vimetenganishwa na utando mmoja tu wa kitambaa kilichoshibishwa mpira, usiozidi ukubwa wa kisahani cha kahawa. Juu ya utando kuna petroli, na chini yake kuna tundu linaloelekea tumboni mwa injini, ambako oili hurukaruka muda wote. Mafundi wengi husema dayaframu. Wengine husema mpira wa pampu, na jina hili la pili, ingawa halina madaha, hutaja hasa kile kinachochakaa.

Lipo Land Rover moja huko Mtambwe, kaskazini ya Pemba, ambalo habari za pampu yake zinastahili kuelezwa. Ni pikapu, la aina ile ndefu ya inchi 109, lenye injini ya petroli ya lita mbili na robo. Magari ya jina hilo yalioneshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, wakati Uingereza ilikuwa bado inagawa feleji kwa kipimo kutokana na vita vilivyopita, na kwa hivyo bodi yake ilitengenezwa kwa aluminiamu. Dhiki ya Waingereza ikawa neema kwa watu wa visiwani: upepo wa bahari hauili bodi hiyo kama unavyokula nyengine. Chesisi lakini ni chuma, na chesisi ya gari la Mtambwe imeungwa mara nyingi hata haijulikani tena kipande kipi kilitoka kiwandani.

Gari lilinunuliwa na marehemu baba wa nyumba ile, likarithiwa na mjane wake, na mwanawe wa kiume ndiye anayeliendesha. Kazi yake kubwa huja msimu wa karafuu. Katika mwaka unaohusika zao lilikuwa jema, na magunia kumi na manne yalikuwa yamekwisha kuanikwa, kukauka na kufungwa, yakisubiri kupelekwa kituo cha kununulia Wete. Wachumaji walikuwa hawajalipwa. Mawingu ya vuli yalikuwa yameanza kukusanyika kila alasiri, na hakuna mwenye shamba Pemba asiyejua kinachoipata karafuu kavu ikipigwa na unyevu: hufanya ukungu, hupoteza rangi, na daraja lake huteremka mbele ya macho ya mpimaji. Magari ya kukodi yote yalikuwa na kazi. Ndipo Land Rover lilipoanza kukataa vilima.

Kwenye tambarare lilikwenda. Likisimama lilinguruma vizuri. Lakini likipanda, na Pemba ni nchi ya kupanda na kushuka, lilikohoa, likapungua nguvu, na mara ya tatu lilizima kabisa katikati ya kilima. Kijana alibadilisha plagi. Akabadilisha pointi. Akasafisha kabureta. Mtu mmoja akamwambia ni mvuke, kwamba petroli huchemka ndani ya bomba kwa joto la injini na pampu hubaki ikivuta hewa. Na maneno hayo hayakuwa upuuzi, kwani hutokea, na madereva wa zamani walikuwa wakisimama njiani na kuifunika pampu kwa kitambaa kilichotota maji. Kijana naye akafunika. Lilikwenda masafa kidogo, likazima tena.

Wakati huohuo kulikuwa na mtu wa hoteli kutoka Unguja aliyelitaka gari hilo kwa bei nzuri. Hakutaka kuliendesha. Alitaka kulisimamisha mlangoni pa hoteli, lipandwe maua nyuma, wageni wapate kupiga picha. Kijana alikuwa amekwisha kukubali nusu. Mama yake alisema tu kwamba wachumaji hawalipwi kwa maua.

Fundi aliyeitwa alikuwa mzee wa miaka sabini na zaidi. Alikunywa maji kwanza, akauliza hali za watu, kisha akaomba boneti lifunguliwe.

"Gari hili, ami, halina ubaya wa kula oili," kijana alisema, kama anayemtafutia mgonjwa sifa moja njema. "Tangu Ramadhani sijaongeza hata tone."

Mzee hakujibu. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa tambara, akakirejesha, akakichomoa tena. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa upana wa kidole. Alikipeleka kijiti puani, akavuta pumzi, akampa kijana naye anuse.

"Halili, kweli," alisema. "Linanyweshwa. Mafuta yamo ndani ya mafuta."

Hapa yafaa kusimama kidogo, maana ndipo yanapopotelea magari mengi. Oili ikipungua kila mtu hushtuka. Ikipanda, nani atashtuka? Mwenye gari huiona kuwa baraka. Kumbe utando umepasuka, na kila pampu inapopiga, sehemu ya petroli iliyokusudiwa kwenda kwenye kabureta huteremka tumboni. Injini hukosa chakula juu na huleweshwa chini. Oili iliyochanganyika na petroli huwa nyepesi kama maji ya mchele. Haiwezi tena kukaa baina ya chuma na chuma, na beringi za krankishafti huanza kusagana. Aidha, tumbo la injini lililojaa mvuke wa petroli si kitu cha kukaa nacho karibu na sigara. Pampu nyingi zina kitundu kidogo ubavuni ili petroli ivujie nje na kutoa habari mapema. Kitundu cha pampu ya Mtambwe kilikuwa kimezibwa na udongo na grisi ya miaka mingi, na gari lilikuwa limenyimwa hata njia ya kulalamika.

Madereva wengi huiita pampu moyo wa gari. Mfano huo umekaa vizuri mdomoni lakini hausemi kweli. Moyo hupiga kwa amri yake. Pampu hii haina amri. Inafanana zaidi na mtumishi achotaye maji kisimani kwa kadiri ya mtungi wa bwana wake. Ndani ya injini mna kamshafti, mtaimbo wenye manundu unaozunguka nusu ya mwendo wa krankishafti. Nundu moja husukuma mkono wa pampu, mkono huuvuta utando chini, petroli huingia kutoka kwenye tangi kwa kupitia vali. Nundu likipita, springi huurudisha utando juu na petroli hutoka kwa vali ya pili. Injini inapozunguka mara 2,000 kwa dakika, mkono husukumwa mara 1,000. Kwa saa moja, mara 60,000. Na uzuri wake uko hapa: anayesukuma petroli kwenda juu ni springi, si nguvu ya injini. Kabureta ikijaa hufunga mlango wake, utando hubaki chini na mkono hucheza bure, mpaka itakapohitajika tena. Hakuna kinachomwagika wala kinacholazimishwa.

Kijana alikuwa na rai yake. "Tufunge ya umeme, ami, tumalize maneno. Ni ndogo, waya mbili tu."

Rai hiyo haikuwa ya kijinga na mzee hakuidharau. Pampu ya umeme hufungwa karibu na tangi na huisukuma petroli badala ya kuivuta, kwa hivyo joto haliisumbui sana. Gari lililolala wiki nyingi huamka upesi. Na utando uliopasuka hauwezi tena kutia petroli ndani ya oili, madhali ile ya zamani imeondolewa na tundu lake kuzibwa. Alichosema mzee ni hiki:

"Gari likipinduka injini huzima. Injini ikizima, hino ya mkono nayo huacha. Ya umeme isiyofungiwa kizuizi huendelea kumwaga mpaka mtu azime swichi. Na aliyepinduka, mwanangu, mkono wa kuzimia swichi anao?"

Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba waya za gari lile anazijua, na hazifai kuaminiwa karibu na petroli. Hii ndiyo iliyomaliza mjadala.

Pampu mpya iliagizwa Dar es Salaam na ikafika kwa boti baada ya siku tatu. Kuisubiri hakukuwa kukaa bure. Oili yote ilimwagwa, lita sita na kitu, ikatoka nyepesi na yenye harufu kali. Chujio likabadilishwa na oili mpya ikatiwa. Mzee alisisitiza jambo hili kuliko pampu yenyewe. Alisema amewaona watu wakifunga pampu mpya kwa furaha na kuondoka na oili ileile, na injini ikagonga kabla ya mwezi kwisha, kisha wakailaumu pampu.

Siku ya kufunga, waya wa betri ulitolewa kwanza, na watoto wakafukuzwa pamoja na jiko la mkaa lililokuwa upenuni. Mabomba yalifunguliwa kwa spana mbili, moja ikishika na nyengine ikizungusha, ili bomba lisijipinde. Pampu ya zamani ilipotoka, tambara lilisokomezwa tunduni ili mabaki ya gasketi yasiangukie ndani yanapokwanguliwa. Halafu mzee akachukua hendeli, kwani Land Rover za zama zile bado huzungushwa kwa mkono kutoka mbele, akaizungusha polepole huku kijana ameingiza kidole na kusema nundu liko wapi. Nundu lilipogeuka kando, pampu ilikaa mahali pake bila ya kulazimishwa. Anayeifunga nundu likiwa limesimama hupambana na springi, hukaza nati moja kupita kiasi, huvunja sikio la pampu. Na mkono ukiwekwa upande usio wake huvunjika mara injini inapozunguka.

Mzee akaenda kusali adhuhuri. Kijana hakuweza kungoja. Akarejesha waya wa betri, akapiga stata mara nne, tano. Gari halikuwaka, kwani bomba lilikuwa tupu. Akakumbuka kwamba pampu ina kijimkono chake kidogo cha kujazia, akakipampu. Kilikuwa kimelegea, hakina uzito wowote, kama mlango uliotoka bawabani. Mzee aliporudi alimkuta ameketi juu ya tairi.

"Wameleta mbovu," alisema. "Tumepoteza siku tatu."

Mzee alikishika kijimkono, akakitikisa, akatabasamu. Akachukua hendeli, akaizungusha mzunguko mmoja kamili, yaani nusu mzunguko kwa kamshafti, akamwambia ajaribu tena. Sasa kilikuwa kizito. Petroli ilionekana ikipanda ndani ya bakuli la kioo, ya manjano, na vipovu vyake. Stata ilikuwa imesimama na nundu juu, mkono mkubwa umeushikilia utando chini, na kijimkono hakikuwa na cha kuvuta. Pampu ngapi nzima zimerudishwa dukani kwa sababu hii! Kijana alipampu mpaka uzito ukaisha wenyewe, alama ya kuwa kabureta imejaa, na gari likawaka kwa mpigo wa kwanza wa stata.

Magunia yalipakiwa alasiri ileile, turubai likafungwa juu, na kilima kilichowashinda kikapandwa kwa gia ya pili. Mvua ilinyesha usiku wa manane. Mtu wa hoteli alipopiga simu, mama ndiye aliyepokea, akamjibu kwamba gari halipo, limekwenda Wete.

Wachumaji walilipwa kesho yake kwa hesabu ya pishi zao. Mzee alichukua ujira wake na pampu ya zamani, maana mwili wake ulikuwa mzima na kwa utando mpya ingemfaa mtu mwengine, na akaagiza kwamba oili ile mpya nayo imwagwe baada ya safari chache, kwa kuwa petroli haitoki yote mara moja. Dumu la oili chafu lilibaki chini ya mwembe. Jirani mmoja alikuja kuliomba apake nguzo za banda la mbuzi, zisiliwe na mchwa. Mama alifungua kifuniko, akanusa, akamwambia asubiri kwanza mwanawe arudi amuulize fundi.