Mpaka wa Busia na Malaba, Shule Isiyo na Kuta

Huko magharibi ya Kenya, penye mpaka wa Uganda, iko miji miwili ambayo wasafiri wengi huipita kwa haraka: Busia, kwa njia itokayo Kisumu, na Malaba, kwa njia itokayo Eldoret na Bungoma. Msafiri huonyesha hati zake, hulalamikia msururu wa malori, kisha huenda zake. Lakini mwalimu apitaye hapo na macho yaliyo wazi aweza kurudi na mafunzo ya muhula mzima, wala mzigo huo hautozwi ushuru.

Jambo la kwanza ni mito. Mto Malaba, ambao huko juu huitwa Lwakhakha, hushuka kutoka Mlima Elgon, na kwa sehemu ndefu ndio mpaka wenyewe. Upande wa kusini mpaka hufuata Mto Sio hadi uingiapo Ziwa Victoria. Katika ramani ya darasani mito hiyo ni nyuzi mbili tu za buluu. Mwalimu aliyesimama kando yake atarudi na swali: je, maji haya yanakwenda wapi? Ya Sio huingia Ziwa Victoria, yakatoka Jinja kwa Mto Naili hadi Ziwa Kyoga. Ya Malaba hayafiki Ziwa Victoria kamwe; huelekea magharibi, yakaingia Mto Mpologoma, na kwa njia hiyo yakafika Kyoga vilevile. Basi mtu aendaye toka Busia hadi Malaba, safari isiyo ndefu, huvuka mgongo wa nchi unaoyagawa maji, wala hajui, kwa kuwa si mlima wa kutisha bali ni miinuko midogo. Matone mawili ya mvua huagana hapo, yakakutana tena Uganda kabla ya kushuka Misri. Mtoto aliyechota maji ya Sio tangu udogoni hatalisahau somo hilo.

Jambo la pili ni historia. Hadi mwaka 1902, nchi yote toka mpaka huu hadi Bonde la Ufa, karibu na Naivasha, ilihesabiwa kuwa ya Uganda. Mwaka huo Serikali ya Uingereza iliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda, ukawa sehemu ya nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Wenyeji hawakuulizwa. Ndiyo maana Wateso wapo Amagoro na wapo Tororo, na Wasamia wapo Funyula na ng'ambo ya Sio pia. Mwaka 1976 Idi Amin alipodai kwamba nchi ile ilikuwa ya Uganda, Kenya ilikataa katakata. Mwanafunzi ambaye mjomba wake amezikwa upande wa pili ataelewa upesi kwamba mpaka ni kazi ya watu, nao una tarehe zake.

Jambo la tatu ni biashara, nalo lawahusu sana wakulima. Mwezi wa Julai 1975, baridi kali iliiunguza mikahawa ya Brazil. Bei ya kahawa ikapanda duniani kote. Mkulima wa Uganda wakati ule alilipwa kidogo, tena kwa fedha iliyokuwa ikipoteza thamani. Kwa hiyo kahawa nyingi ikavushwa kwa magendo kuingia Kenya, na soko la Chepkube, upande wa Mlima Elgon, likapata sifa kubwa. Hivyo baridi ya Brazil iliwanyima watu usingizi huku Elgon. Tena mwezi wa Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya kuvu, zuio hilo lilionyesha kwamba ukaushaji mbaya wa mahindi waweza kufunga njia ya biashara ya nchi nzima.

Hesabu nazo zipo. Kenya na Uganda zilianza kutoa shilingi zao wenyewe mwaka 1966. Leo jina ni moja, thamani ni mbili. Mwalimu akiandika bei ya kubadilisha fedha siku ile, pamoja na bei ya trei ya mayai pande zote mbili, amepata maswali ambayo hayamo katika kitabu chochote. Hata lugha ina sehemu yake: boda-boda, neno lisemwalo sasa Afrika Mashariki yote, lilizaliwa mpakani hapa, kwa waendesha baiskeli waliowavusha watu kutoka boda hadi boda.

Lakini si kila safari ifundishayo. Mwalimu arudiye na hadithi za malori na umati wa watu huwafurahisha watoto nusu saa, basi. Yampasa kuchukua daftari, ahesabu, aulize bidhaa imetoka wapi na inakwenda wapi, na kwa nini inapita hapa wala si kwingine. Kisha asiwape watoto majibu yote. Awape swali, wakaulize nyumbani.

Jambo hili lina uzito mkubwa kwa watoto wa mpakani wenyewe. Wako wanaoacha shule ili wabebe mizigo ya wafanya biashara, kwa kuwa sarafu ya leo waiona, na faida ya kitabu hawaioni. Mtoto wa namna hiyo azijua njia, bei na lugha mbili tatu kabla hajajua kuchora ramani. Akiketi darasani asikie kwamba ayajuayo hayana maana, ataondoka. Akiombwa aeleze jinsi gunia la mahindi linavyonunuliwa ng'ambo na kuuzwa huku, kisha akafundishwa kuiandika faida na hasara yake, ataona kwamba shule na soko si maadui. Mwalimu asiyeweza kusafiri mbali aanzie kwa mtoto huyo.