Picha ya taa za Krismasi Karagwe na Kyerwa: Usisubiri giza lifunge

Krismasi ikikaribia, mabasi yanayoingia Kayanga, wilayani Karagwe, hushusha familia zinazorudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko. Kwenye mabegi, pamoja na nguo mpya za watoto na kitenge cha bibi, siku hizi humo pia taa za kumeta za kuning'iniza barazani.

Wazee wanajua zilivyo ngeni. Kwa miaka mingi Mkoa wa Kagera ulitegemea umeme ulionunuliwa Uganda, na vijijini watu walimulika kwa koroboi. Sasa nyaya zimefika vijiji vingi, sola ziko juu ya mabati, na pale Murongo, wilayani Kyerwa, mpakani mwa Tanzania na Uganda, kumejengwa mtambo wa megawati 14 kwenye Mto Kagera.

Basi jioni ya mkesha kila mwenye simu hutaka picha. Wengi hungoja giza liingie kabisa, halafu huwasha flashi. Picha hutoka na madoa ya mwanga kwenye weusi mtupu. Migomba haionekani, kilima hakionekani, na bibi amefumba macho.

Saa nzuri ni mara tu jua linapozama. Huku magharibi huzama saa 1:00 jioni na dakika chache, karibu dakika 20 baada ya Dar es Salaam. Kutoka hapo mzazi ana dakika kama 20 tu, mbingu ikiwa bado ya buluu, sura za watu zinaonekana na taa zimeanza kung'aa. Karibu na ikweta giza huingia haraka, hivyo watoto wawe wamevaa kabla, masweta yakiwemo, maana nyanda hizi zina baridi na mbu wa jioni nao hawakosi.

Zima flashi. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi. Gusa taa kwenye skrini, kisha punguza mwanga kwa kidole mpaka rangi zionekane. Egemeza simu kwenye nguzo au kiti isitikisike. Usivute picha kwa karibu; sogea mwenyewe.

Ila angalia unaposogea. Nyumba nyingi ziko kando ya barabara, na anayerudi nyuma huku macho yako kwenye simu haioni bodaboda inayokuja. Watoto wapangwe ndani ya uwanja.

Mvua za Desemba nazo ni hatari. Taa za kutumia ndani zisitundikwe nje, na waya uliochubuka usiguse bati, kwani bati lote laweza kuwa na umeme. Soketi ikae pakavu, mtoto asichomeke wala kuchomoa, na taa zizimwe kabla ya kulala.

Halafu mwite bibi kutoka jikoni. Atasema hajavaa vizuri. Mpe kiti, wajukuu wamzunguke, taa ziwe nyuma yao, upige picha tatu au nne. Januari mabasi yataondoka na taa zitarudi kwenye boksi. Picha itakayofunguliwa tena na tena huko mjini ni ile ambayo uso wake unaonekana.