Fataki za Tarehe 30 Juni Ugenini

Huku kwetu Kongo sikukuu ya tarehe 30 Juni twaijua vizuri. Bendera inapandishwa, watoto wa shule wanapita kwa defile mbele ya wakubwa, mpira unachezwa, na jioni kila mtu anakula alichojaliwa. Fataki, yaani zile baruti za furaha zinazopasuka angani kwa rangi, ni kitu cha mijini mikubwa tu. Na labda ni heri, maana upande wetu wa mashariki masikio ya watu yamekwisha kushiba baruti. Nataka kuwaelezeni jinsi sikukuu hiyo ilivyofanywa mwaka 2024 katika nyumba moja ya Wakongomani kule Indianapolis, jimbo la Indiana, Marekani, ambako nilikwenda kumtazama yaya wangu. Hatukuwa tumeonana karibu miaka 20.

Yaya alitoka Baraka mwaka 1996, vita ilipoingia Kivu ya Kusini. Sote tulivuka ziwa Tanganyika kwa mtumbwi mpaka Kigoma, nami nilikuwa mtoto wa miaka 8. Baadaye wazazi wangu nami tulirudi Kongo, tukakaa Kalemie. Yeye alikuwa amekwisha kuolewa, akabaki katika kambi ya Nyarugusu, akazaa huko. Mwaka 2016 wakapelekwa Marekani. Ana kijana wa miaka 15, mzaliwa wa kambi, na binti wa miaka 7, mzaliwa wa Indianapolis. Mume wake anafanya kazi ya usiku katika ghala la bidhaa, na mchana analala kama mtu aliyekufa.

Nilipofika mwezi wa Juni niliona mahema makubwa yamesimamishwa kando ya barabara, kwenye viwanja vya maduka. Nilidhani ni ya mkutano wa dini. Kumbe ni ya kuuzia fataki. Wamarekani wana sikukuu yao ya uhuru tarehe 4 Julai, na fataki si kazi ya serikali peke yake: kila baba wa nyumba ananunua sanduku lake na kuliwasha uani pake, watoto wakitazama. Sheria ya Indiana inakataza miji kuwazuia watu katika siku fulani. Siku yenyewe ya tarehe 4 Julai ni tangu saa 4 ya asubuhi mpaka usiku wa manane. Na tangu tarehe 29 Juni mpaka tarehe 9 Julai, siku zile nyingine, ni tangu saa 11 ya jioni mpaka muda wa saa mbili baada ya jua kuchwa. Waliotunga sheria hiyo hawakufikiri habari za Kongo hata kidogo, lakini tazameni: tarehe 30 Juni imo ndani yake.

Na jua lenyewe! Kwetu linachwa karibu na saa 12 mwaka mzima, wala hakuna anayelishangaa. Kule mwishoni mwa Juni linachwa saa 3 ya usiku na robo. Mtoto anayengoja giza ili awashe fataki anateseka kweli kweli.

Desturi hiyo ni ya zamani. Baraza lao lilipiga kura ya kujitenga na Uingereza tarehe 2 Julai 1776, na maandiko yakakubaliwa tarehe 4. Katikati ya siku hizo mbili John Adams, aliyekuja kuwa rais wa pili, alimwandikia mke wake kwamba watu wataikumbuka siku ile kwa mizinga, kengele na mioto. Ila yeye alidhani itakuwa tarehe 2! Mwaka 1777 fataki zilirushwa Philadelphia, na tangu hapo hawakuacha. Lakini si wote waliofurahi. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa akajikomboa kwa kutoroka, aliitwa kuhutubia mjini Rochester tarehe 5 Julai 1852, akawauliza wasikilizaji wake weupe sikukuu hii ina maana gani kwa mtumwa. Utumwa ulifutwa nchi nzima mwaka 1865 tu. Nayataja hayo kwa sababu kijana wa yaya alisomeshwa habari za mtu huyo shuleni, naye ndiye aliyenisimulia, tukiwa tumesimama ndani ya hema la fataki.

Alikuwa amenipeleka huko kwa hila. Mtu asiyetimiza miaka 18 hauziwi fataki, basi alihitaji mtu mzima, na mjomba ni mtu mzima anayependa kupendwa. Alinionyesha sanduku moja kubwa, la mizinga midogo ya karatasi inayorusha mabomu juu. Macho yake yaling'aa. Alisema jirani zake wote wanazo, wenzake wa shule wote wanazo, na kwamba kila mwaka nyumba yao peke yake inafungwa madirisha kama nyumba yenye msiba. Kisha akaniuliza, “Mjomba, mimi nilizaliwa Tanzania kambini, mama ni Mkongomani, karatasi zangu sasa ni za Marekani. Uhuru wangu ni upi?”

Nilimwambia kwamba uhuru wetu wa tarehe 30 Juni 1960 nao ulipata misukosuko mapema: tarehe 5 Julai askari wa Force Publique walikuwa wamekwisha kuasi. Hata wimbo wa sikukuu yenyewe, Indépendance Cha Cha, ulizaliwa ugenini, maana Kabasele na wenzake wa African Jazz waliupiga kwanza Brussels, Januari 1960, wakubwa wetu walipokuwa kwenye Meza ya Mviringo. Basi kufanya sikukuu mbali na nchi si jambo geni kwetu. Lakini sanduku sikulinunua. Nilimwambia aende kwanza kwa mama yake.

Mama yake akakataa kabla hajamaliza kusema.

Hapa lazima nieleze. Mwaka 1996, usiku, tulipokuwa tumejificha mlimani juu ya Baraka, mama yetu alitufundisha kuhesabu. Ukiona mwanga, anza: moja, mbili, tatu, mpaka usikie mlio. Mama hakusoma shule, lakini alijua kwamba mwanga unafika upesi na mlio unachelewa. Baadaye katika seminari mwalimu wa fizikia alitueleza kwamba sauti inakwenda kama meta 340 kwa sekunde moja, hivi kwamba sekunde 3 ni kama kilometa moja. Mimi niliinua mkono nikasema kwamba najua. Tukifika 10, mama alituacha tulale. Tukifika 4, alifunga mzigo. Yaya alikuwa mkubwa, ndiye aliyembeba mdogo wetu mgongoni. Sasa mtu wa namna hiyo anakaa Indianapolis, na kila mwaka siku zile za Julai mbingu inawaka mahali pote, midomo yake inahesabu yenyewe, naye hajui amwambie nani. Kijana alijua kwamba mama yake hapendi kelele. Habari za kuhesabu hakuzijua. Nilimsimulia jioni ile, yaya akiwepo, na yaya hakunizuia.

Mambo yakafunguka kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Nyumba ya tatu kutoka kwao anakaa mzee mmoja mweupe, mpweke, na mbele ya nyumba yake amechomeka kibao kidogo chenye rangi za bendera yao. Yaya alikipita miaka yote akifikiri ni cha uchaguzi. Kijana alimsomea: kinasema kwamba hapo anakaa askari aliyepigana vitani, na kinaomba watu wamfikirie wanapowasha fataki. Vibao vya namna hiyo vipo vingi Marekani. Yaya alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Yule? Hata yeye?” Kesho yake alipika maandazi, akamchukua kijana awe mkalimani, nami nikafuata.

Mzee alikuwa amepigana Vietnam. Hakusema mengi, wala yaya hakusema mengi. Kijana alitafsiri huku na huku, na nilimwona akiwa mtu mzima kidogo kila alipofungua kinywa. Jambo moja mzee alilosema ndilo lililotufaa. Alisema mlio wenyewe si adui yake mkubwa. Kinachomuumiza ni kutojua utatoka saa ngapi na utaisha lini. Akiambiwa saa, anaweza hata kukaa barazani akatazama.

Yaya akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa dawa ya ugonjwa wake na mganga aliyeugua ugonjwa uleule.

Wakapatana, mama na mwanawe. Fataki zitakuwapo, za Kongo, tarehe 30 Juni, ambayo mwaka ule iliangukia Dominika. Nyingi zitakuwa zile zinazomwaga cheche chini kama chemchemi, zisizopasuka. Zinazopasuka zitakuwa 3 tu. Zitaanza saa 3 na nusu ya usiku, na saa 4 kamili yote yamekwisha. Kijana aliandika saa hizo kwenye vikaratasi, akaenda kubisha katika nyumba 6 za jirani. Sijui kama vijana wetu wa Kalemie wangefanya hivyo kwa ngoma ya arusi, ningependa kuona.

Tulirudi hemani, safari hii kwa ruhusa. Kijana alitafuta rangi za bendera yetu, buluu, nyekundu na manjano. Yafaa wasomaji wa Katanga wajue kwamba buluu ya fataki inatoka katika shaba. Nyekundu ni ya madini yaitwayo strontiumu, manjano ni ya sodiamu iliyomo katika chumvi ya mezani, na yote hayo yanachanganywa na mambo ya baruti. Mafundi wanasema buluu ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu moto ukizidi, rangi inapotea. Na kweli, buluu yetu ile ilikuwa hafifu, lakini nilijivuna bure, kana kwamba niliichimba mimi.

Basi Dominika ile tulikula ugali, sombe na ndagala waliotoka Kigoma kwa njia nisizozijua. Baba wa nyumba alikuwa ameomba ruhusa kazini. Wimbo wa Kabasele ulipigwa katika simu. Ndoo 2 za maji ziliwekwa tayari, maana hata vile vijiti vya cheche wanavyopewa watoto vina joto la digrii karibu 1,000, na watoto wengi huungua kila mwaka. Mzee wa kibao alikaa barazani kwake, tulimwona kwa mbali, mikono juu ya magoti.

Chemchemi zilikwenda vizuri. Binti alicheza ndani ya moshi akiimba maneno ya Kilingala asiyoyafahamu. Kisha kijana akapaza sauti, “Mama, sasa zile tatu!” Yaya alisimama mlangoni, mkono mmoja umeshika kizingiti. Ya kwanza ilipanda, ikapasuka nyekundu, naye akasema kwa sauti, “Moja.” Ya pili, “Mbili.” Ya tatu ilikawia, utambi ulikuwa na unyevu labda, na katika kukawia kule niliuona uso wake ukibadilika. Kijana naye aliuona. Akaacha kutazama juu, akamtazama mama yake mpaka ilipolia. “Tatu,” akasema yaya. “Yamekwisha.” Kisha akaomba chai.

Tarehe 4 Julai ilikuwa Alhamisi, na hiyo haikuwa na saa wala hesabu: mji mzima ulilia. Mzee wa kibao alikuwa amekwenda kwa binti yake shambani, kama afanyavyo kila mwaka. Kijana alikuwa amealikwa kwa wenzake wa shule, penye mizinga ile aliyoitamani, naye akaenda, kwa ruhusa. Sisi tulikaa katika chumba cha ndani, madirisha yamefungwa, binti akichora. Jua lilipokwisha kuchwa mlango ukafunguliwa. Kijana alivua viatu, nguo zake zikinuka baruti, akaketi chini karibu na kiti cha mama yake. Yaya akamwuliza mbona amerudi mapema. Akasema amekuja kuhesabu.

Wakahesabu kwa zamu, yeye kwa Kiingereza, mama kwa Kiswahili, binti akiwasahihisha wote wawili. Walipofika 212 yaya alikuwa amelala kitini.