Simu Yangu, Chaguo la Nani?

Mwaka 2023 mume wangu aliniuliza swali mezani, nikashusha kijiko. "Jana saa sita mchana ulikuwa unafanya nini Sinza?"

Ni kweli nilikuwa Sinza. Nilikwenda kupima uvimbe ambao ulininyima usingizi wiki mbili, na sikutaka kumtia mtu hofu kabla sijapata majibu. (Majibu yalikuja mazuri, usiwe na wasiwasi.) Sikumwambia mtu, hata dada yangu niliyeachiana naye ziwa. Sasa huyu kajuaje?

Kumbe ni simu. Aliponinunulia mwaka uliotangulia, aliitengeneza mwenyewe kabla ya kunikabidhi. Akaweka barua pepe, akaweka picha za watoto, na kwenye programu ya ramani akawasha kile kipengele cha kumwonyesha nilipo. Mwaka mzima nilikuwa nukta inayotembea kwenye kioo cha mtu mwingine. "Nilikuwa nakuogopea siku zile mnazofunga toleo," akasema. Hakudanganya, maana jarida linapokwenda kwa wachapaji natoka ofisini hadi saa tano usiku. Lakini hakuniuliza. Na mimi, tusidanganyane, nimewahi kusoma SMS zake akiwa bafuni, kwa hiyo sikuwa malaika katika kesi hii. Hata hivyo nilichukua watoto, nikaenda kwa mama siku tisa.

Siku ya kumi alikuja na kiboksi. Mume wangu anafanya kazi za mitandao ya kompyuta, kwa hiyo wenzake wanapoomba msamaha kwa khanga, yeye huomba kwa vifaa. Ndani kulikuwa na simu nyeusi, nene kidogo, ya kawaida tu kwa macho. "Hii haina kitu changu ndani, mama watoto. Kila kitakachokaa humo utachagua wewe. Mimi nitakuwa fundi tu."

Ilikuwa PinePhone ya kampuni ya Pine64, simu ambayo wapenzi wa mambo haya walianza kuipata mwaka 2020. Haitumii Android wala mfumo wa Apple, inatumia Linux, ile iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds akiwa mwanafunzi Finland. Usibishane na mume wangu hapo, atakwambia hata Android imejengwa juu ya kiini cha Linux, tofauti ni yale yaliyorundikwa juu yake. Programu zake ni huria, yaani maandishi yaliyoziunda yako wazi na yeyote mwenye utaalamu anaweza kusoma kilichomo. Ukifungua mfuniko wa nyuma unakuta swichi sita ndogo mno. Kuna ya kuzima modemu, ya Wi-Fi na Bluetooth, ya kipaza sauti, ya kamera ya nyuma, ya kamera ya mbele na ya tundu la visikilizio. Nilizitazama muda mrefu kuliko nilivyoitazama pete yangu ya ndoa dukani.

Basi tukaanza. Jumamosi mchana, watoto wamelala, mkeka barazani. Uzuri wa simu hii ni kwamba inaweza kuwaka kutoka kwenye kadi ya kumbukumbu, kwa hiyo aliniandalia kadi tatu, kila moja na sura yake. Ya kwanza ilikuwa Plasma Mobile, yenye mapambo na mipangilio mingi, ila ilikuwa inajivuta. Ya pili ilikuwa Sxmo, ambayo unaiendesha zaidi kwa vitufe vya sauti, na ndiyo aliyoipenda yeye. Niliishika dakika tano nikaona huku ni kutafutana ubaya. Ya tatu ilikuwa Phosh, imetulia, haina makuu. Nikachukua Phosh juu ya mfumo uitwao postmarketOS.

Sasa ikaja kazi yenyewe. Watafsiri wa kompyuta wana neno, "chaguo-msingi", yaani ile programu inayofunguka yenyewe kama hujasema vinginevyo. Ukigusa kiungo, kivinjari gani kifunguke? Ukigusa anwani, ramani ipi? Nililipenda neno hilo na lilinichoma pia. Chaguo la msingi, sawa, lakini la nani? Kwenye simu zangu zote za nyuma sikuwahi kuulizwa. Nilikuta mtu ameshachagua, awe mtengenezaji au mume, nikazoea.

Nilidhani tutamaliza kwa nusu saa. Hatukumaliza hadi magharibi, na tuligombana mara mbili.

Tatizo la kwanza si la ndoa. Programu nyingi za Linux ziliandikwa kwa ajili ya kompyuta ya mezani. Unafungua dirisha, nusu yake iko nje ya kioo, na kitufe cha kuhifadhi huko huko nje. Ndiyo maana wanaotengeneza mifumo hii hawachagui programu kwa umaarufu wake. Wanaangalia kama inajikunja kwenye kioo kidogo, kama inakula kumbukumbu (simu yangu ina GB 3 tu), na kama bado kuna mtu anayeishughulikia. Programu nzuri iliyotelekezwa na mwenyewe ni kama nyumba nzuri isiyo na mtu, mvua ya kwanza utaijua. Kwa kigezo hicho barua pepe ikawa Geary, inayojikunja vizuri, japo ofisini nimezoea Thunderbird. Kivinjari ni Firefox, hapo hatukubishana. Meseji ni Chatty.

Menyu nyingi nilizozikuta zilikuwa za Kiingereza, na hilo liliniuma kidogo. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, tena huria. Miaka hiyo yote baadaye namfundisha mama yangu kutafuta neno "Settings".

Ugomvi wa kwanza ulikuwa safu ya vipenzi, pale juu ambapo programu unazozitumia zaidi hukaa karibu na kidole. Nilikuta ameshaweka ile ya dirisha jeusi la kuandikia amri. "Utaihitaji," akasema. "Nani ataihitaji?" nikamuuliza. Akacheka, mimi sikucheka. Akaiondoa.

Ugomvi wa pili ulikuwa saa. Nilitaka ile ya GNOME, safi na nyeupe, inapendeza. Akaniambia kuna nyingine ndogo, haina sura, lakini niweke hiyo. Hata sikusikiliza sababu. Nilikataa kwa kuwa ilitoka mdomoni mwake, nakiri. Jumatatu kengele ya saa kumi na moja na nusu haikulia. Kumbe PinePhone ikitulia inalala usingizi mzito ili kulinda chaji. Modemu peke yake inabaki macho kuiamsha ikiingia simu, na ile saa nzuri inalala pamoja na wenzake. Ile isiyo na sura huiamsha simu kwanza, ndipo inapiga kengele. Basi la shule likamwacha mwanetu mkubwa, nikampeleka kwa bodaboda nikiwa na kitambaa cha kulalia kichwani. Baba watoto alinyamaza, na kunyamaza kule kulikuwa kubaya kuliko kunisema. Jioni nilimwomba aniwekee ile nyingine.

Lakini ramani, msomaji wangu, ramani nilichagua mwenyewe na sijajuta. Inaitwa Pure Maps, na ina mwenzake OSM Scout Server anayetunza ramani ndani ya simu. Unapakua Tanzania mara moja (mimi nilitumia intaneti ya ofisini, bando la nyumbani lina wenyewe), kisha unatafuta njia bila kuuliza mtambo wowote wa mbali. Ninakokwenda kunabaki mfukoni mwangu.

Nilidhani itakuwa tupu, barabara kubwa tu. Nikaijaribu Tandale, nikielekea kwa shangazi. Vichochoro vilikuwepo, mifereji ilikuwepo, hata nyumba zilichorwa moja moja. Ramani hiyo inatokana na OpenStreetMap, na kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi, wakazunguka na wakazi wa kata mbalimbali za jiji wakichora mtaa kwa mtaa, hasa kwa sababu ya mafuriko. Kwa hiyo kuna mtu alikanyaga kichochoro kile kwa miguu ndipo kikaingia kwenye simu yangu. Hao nao walinionyesha njia, lakini hawakutaka kujua mimi ni nani wala naenda kufanya nini.

Sitakudanganya kwamba simu hii ni raha tupu. Mama anapiga, inaita kwake mara kadhaa ndipo yangu inashtuka usingizini. Kamera ya nyuma ina megapikseli 5, na mhariri wa picha ofisini ameniomba kwa heshima nisimtumie kitu. Chaji ikifika jioni, namshukuru Mungu. Menyu ya *150*00# inafunguka, kwa hiyo pesa zangu ninazo. WhatsApp hakuna. Kuna njia iitwayo Waydroid ya kuendesha programu za Android humo humo, tuliijaribu, simu ikapata moto na mwendo wa kinyonga. Kusema kweli nilifurahi iliposhindwa. Vikundi vya harusi na vya shule nimeviacha kwenye simu ya zamani, ambayo sasa inakaa kwenye kabati la vyombo na kufunguliwa mara mbili kwa siku. Shoga zangu wanasema najitia. Mmoja aliuliza kama ninaficha mwanaume.

Swali hilo mume wangu hakuliuliza, na nilingoja aliulize. Mwezi wa pili wa simu ile aliniita, akaweka yake mezani, Android ile ile ya kila siku. Akafungua ile ramani, akanionyesha palipokuwa na jina langu. Hapakuwa na kitu. "Na wewe unataka kuona nilipo?" akauliza. Nilifikiri kweli, si kwa maringo. Zile SMS za bafuni zilinijia kichwani. Nikamwambia hapana, na wakati huo huo nikamwambia kuhusu zile SMS. Tulikaa kimya hadi chai ikapoa.

Siku hizi ananitumia ujumbe: "Uko wapi?" Siku nyingine najibu hapo hapo. Siku nyingine najibu nikishafika nyumbani, nimesimama mlangoni, nasikia simu yake ikilia upande wa pili.