Mkojo wa Rangi ya Kahawa

Nilimchoma diklofenaki. Kosa langu lilianzia hapo.

Kijana aliletwa kwa bodaboda kwenye zahanati nilikokuwa nikifanya kazi, huku bondeni upande wa Milepa. Alikuwa amepigwa fimbo usiku kucha, akishukiwa kuiba ng'ombe. Nilijaza PF3, ile fomu ya polisi, nikamshona kichwa, nikamkagua mbavu. Mapaja na makalio yalikuwa yamevimba, yamekakamaa kama gogo, lakini mfupa ulikuwa mzima. Nikaona ni maumivu tu.

Asubuhi mama yake alinionyesha kopo. "Daktari, hebu tazama mkojo wa mwanao." Ulikuwa mweusi kama kahawa, tena haukufika nusu kikombe. Nikapima malaria, ikatoka mistari miwili. Mkojo mweusi wa malaria tunaujua, basi nikaridhika, nikaanza artesuneti. Siku nzima ikapita. Mwenzangu wa zahanati, bonde hili lina mbu wengi. Mtu anaweza kuwa na malaria na bado kinachomuua kikawa kingine.

Ndipo nikaupima mkojo wenyewe. Kijiti kilionyesha damu nyingi. Kwenye hadubini sikuona chembe nyekundu hata moja. Nikaacha damu yake itulie kwenye kichupa: kama malaria ndiyo iliyopasua chembe, maji ya juu yangekuwa mekundu. Yalikuwa ya njano, safi kabisa. Nilisimama nacho dirishani muda mrefu. Ile rangi ilitoka kwenye misuli.

Chuoni nilisoma kwamba mwaka 1941 Eric Bywaters na Desmond Beall walieleza habari za watu waliofukuliwa kwenye vifusi vya mabomu London, kisha figo zikagoma. Nikaziweka kichwani kama ugonjwa wa vifusi, na kwetu hakuna ghorofa. Sikufikiri kwamba fimbo za usiku kucha zinaponda msuli vilevile, ukamwaga rangi yake na potasiamu kwenye damu mpaka figo zikaziba. Alihitaji dripu ya chumvi, nyingi na mapema, mkojo utoke mililita 200 au zaidi kwa saa. Mimi nilimpa dawa inayopunguza damu ya figo.

Alipandishwa mlima hadi Sumbawanga, kisha Mbeya, akasafishwa damu wiki tano. Alipona. Familia iliuza maksai wanne, na msimu ule mpunga haukulimwa.

Nilimfuata baba yake nyumbani, nikamweleza kuhusu ile sindano. Alinyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo angewekewa maji siku ileile, daktari?"

"Pengine yangetosha, mzee."