Mnataka Tufunzane Kazi, Lakini Chai Mmekata

Wasee, kuna kitu mabosi wengi hawajashika. Unaweza kuamuru kila mfanyakazi aandike anachojua kwa kompyuta ya ofisi, na bado faili ikae tupu. Mtu hakupi siri ya kazi kama hajakuamini.

Nilipoacha chuo niliingia duka moja la kuprinti hapa Nairobi. Kulikuwa na fundi tuliyemwita Mzee. Mashine ikigoma, yeye anasikiliza tu mlio, anajua ni rola gani imeisha. Lakini hakuwa anafunza mtu. Watu walisema ni mchoyo. Kumbe kabla nifike, fundi mwenzake alifunza kijana kila kitu, halafu bosi akamfuta fundi na kumbakisha kijana kwa nusu mshahara. Wewe ungefunza?

Kilichobadilisha mambo ni chama. Tulikuwa sita, kila mtu anatoa mia mbili kwa wiki. Binti ya Mzee alipolazwa, tulimpa zamu yake mapema, bila maswali. Haikupita wiki mbili akaniita: “Kijana, kuja usikie hii.” Nikajua rola iliyoisha hulia vipi.

Wasomi huita hiyo mtaji wa kijamii: kujuana, kuaminiana, kuwa na hakika kwamba ukisaidia leo, kesho utasaidiwa. Na si kwetu tu. Miaka ya 1980, mtafiti Julian Orr aliwafuata mafundi wa mashine za fotokopi wa Xerox kule Marekani. Aliona kitabu cha maelekezo hakiwatoshi. Walifunzana wakila pamoja, wakipigiana stori za mashine zilizowasumbua. Baadaye Xerox ikatengeneza Eureka, mfumo wa kuhifadhi mbinu zao. Mafundi wenyewe walizikagua, na jina la aliyeleta mbinu likawekwa pale. Heshima waliyopeana mezani ikaingia hadi kwa kompyuta.

Sasa bosi anakata mapumziko ya chai, anashindanisha watu, halafu anashangaa mbona kila mtu amefunga mdomo. Bosi, hakikisha kwanza anayefunza hatapoteza kazi. Na wewe unayeanza kazi Jumatatu, usikimbilie siri za watu. Salimia, kaa nao, changia mtu akipata shida.

Kwenu kazini, ni nani anajua kila kitu, na mbona hasemi?