Kuchagua Meli ya Kwendea Barafuni

Wahenga walisema: maji usiyoyafika hujui wingi wake. Methali hii nimeifundisha kwa miaka 34, na sasa imenigeukia mimi mwenyewe. Mwanangu wa pili, afanyaye kazi ng'ambo, amenialika tusafiri pamoja hadi bara la Antaktika. Nauli atalipa yeye, ila meli nichague mimi. Fedha hiyo ingetosha kuezeka nyumba ambayo marehemu baba yake aliiacha bila paa. Kwa hiyo uchaguzi huu si jambo la mzaha.

Hapa kwetu magharibi ya Uganda barafu si ngeni. Tunayo kileleni mwa Ruwenzori, nayo yapungua mwaka hata mwaka. Natamani kuiona mahali inapotawala, kabla macho yangu hayajaingia kiza.

Meli nyingi za safari hiyo hung'oa nanga Ushuaia, mji wa kusini kabisa mwa Ajentina, kati ya Novemba na Machi. Huvuka Mlango wa Drake kwa muda wa siku mbili hivi, katika bahari isifikayo kwa ukali. Meli kubwa huyumba kidogo, na nauli yake ni nafuu. Mtu wa umri wangu angeipenda upesi. Lakini chama cha wenye meli hizo, IAATO, kilichoundwa mwaka 1991, kina kanuni inayobadili hesabu yote: watu wanaoshushwa mahali pamoja kwa wakati mmoja wasizidi 100, na meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu hata mmoja. Basi meli ya abiria 100 hushuka wote pamoja; ya abiria 400 hushuka kwa zamu nne, na siku nyingi huishia katika kungoja. Na yule wa meli kubwa mno ataitazama nchi kama mtu atazamaye karamu kupitia dirishani.

Je, udogo hauna hatari? Una hatari. Meli Explorer, iliyoundwa mwaka 1969 mahususi kwa safari za namna hii, ilitobolewa na barafu karibu na visiwa vya Shetland Kusini, ikazama tarehe 23 Novemba 2007. Watu wote 154 waliokolewa, kwa sababu meli nyingine, Nordnorge, ilikuwa karibu. Kwa hiyo nimeuliza kwanza juu ya uimara wa mwili wa meli, mashua za kuokolea, daktari aliyemo, na bima ya kumrudisha mgonjwa, kisha ndipo nikauliza juu ya chakula na vitanda.

Liko pia swali la dhamiri. Mkataba wa mwaka 1959 uliliweka bara lile kwa ajili ya amani na elimu. Mgeni husafisha viatu vyake asije akabeba mbegu wala ugonjwa, na hukaa umbali wa mita 5 kutoka kwa ndege pengwini. Hata hivyo kila meli huchoma mafuta. Sioni jibu litakaloniondolea lawama yote; naona tu kwamba aendaye na wachache, akaenda mara moja, akarudi na elimu ya kuwagawia wengine, amepunguza deni lake.

Nimechagua meli ya abiria wasiozidi 100, na chumba cha chini, katikati ya meli, ambapo mawimbi hayasumbui sana na bei hupungua. Kitakachosalia kitanunua mabati. Nyumba itangoja msimu mmoja.

Ndugu walimu, lugha yetu ina kusi na kaskazi, na majina ya pepo na maji ya bahari yetu. Kwa barafu tuna maneno machache sana. Nikijaliwa kurudi, nitawaeleza niliyoyaona, nanyi mtanisaidia kuyapa majina.